Ghorofa Isiyohesabiwa

"Hesabu kwa sauti," Inspekta alisema. "Kama ulivyohesabu siku ile."

Kamanda wa zimamoto alivua kofia akaibana kwapani. Alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango, na tangu asimamishwe kazi alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ikamwachia nafasi shingoni. Walikuwa wameingia kwenye ngazi za nyuma za jengo, zile za dharura. Kuta zilizokuwa nyeupe sasa zilikuwa na masizi, na mistari ya vidole ilionekana pale watu walipopapasa.

"Siku ile sikuwa naona hata mkono wangu," alisema. "Nilipitisha kiganja ukutani. Nikigusa mlango nahesabu, na mwenzangu wa nyuma anarudia namba ili tusipotee."

"Basi funga macho."

Kamanda alifumba. Aligusa mlango wa uani waliouingilia. "Huu ni wa chini, hauhesabiwi." Akaanza kupanda. Ukuta, ukuta, ukuta, kisha bati la mlango likalia chini ya kiganja chake. "Wa kwanza." Wakapanda tena. "Wa pili."

Inspekta alimfuata nyuma akihema. Kituoni walimwita Bi Taratibu. Jina lilianza kama kejeli likaishia kuwa heshima, kwa sababu hakuwahi kukimbilia kumtia mtu pingu kisha akamwachia kwa aibu. Safari hii alikabidhiwa jalada ambalo lilikuwa limebaki kufungwa tu. Mkuu wa kituo alimwambia bila kumung'unya maneno: moto ulianzia kwenye nyaya za shimo la lifti, hilo halina ubishi. Mwanamke alipiga simu akasema yuko ghorofa ya sita, chumba cha mwisho mkono wa kulia. Zimamoto walipanda, hawakumkuta. Moshi ulipoisha alikutwa amekufa, ghorofa ya sita, chumba cha mwisho mkono wa kulia. Kamanda alikosea hesabu. Andika, tia sahihi, tuendelee.

Marehemu alikuwa fundi miwani. Alikuja Jumapili mchana, jengo likiwa halina watu, amalizie miwani ya mtoto aliyekuwa anaanza shule kesho yake.

"Wa tano," alisema Kamanda. Wakapanda mara moja zaidi. "Wa sita. Huu. Niliupiga teke huu."

Kitasa kilikuwa kimeng'oka. Waliingia kwenye korido ndefu, na Kamanda, macho yakiwa bado yamefumbwa, akashika ukuta wa kulia akaenda mpaka mwisho. Mlango wa mwisho ulikuwa umepasuliwa kwa shoka. Ndani kulikuwa na viti vya ofisi na meza za wakala wa safari. Hapakuwa na mashine ya kusaga vioo wala fremu za miwani.

"Fumbua," Inspekta alisema.

Alikwenda naye mpaka upande wa mbele, kwenye lifti. Juu ya kitufe kulikuwa na kibao cha shaba chenye namba. Saba.

Kamanda alikitazama kibao kile kwa muda mrefu kuliko namba moja inavyohitaji.

"Siwezi kukosea hivyo," alisema. "Nilihesabu. Umenisikia nikihesabu."

Inspekta alikuwa anaikumbuka sauti ya marehemu kwenye kanda ya simu. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi kuliko alivyotaka. Mama yule alikuwa mtulivu karibu mpaka mwisho. Aliambiwa aloweshe kitambaa aweke chini ya mlango, asitoke, wanakuja. Alifanya hivyo. Kisha akasema: nawasikia, wanatembea juu yangu. Mpokea simu akamwambia atulie, moshi unachanganya akili, watu wako kwenye ghorofa yake. Akasema tena, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mteja: hapana, wako juu yangu.

Haukuwa moshi. Buti za Kamanda zilikuwa zinapita hapa alipokuwa amesimama Inspekta sasa hivi, na sakafu moja ilikuwa kati yake na mama yule.

Hilo hakulitamka. Aliona kwamba Kamanda ameshalifikia mwenyewe. Alikuwa amejikunja, mikono magotini, kama mtu aliyekimbia.

*

Mlinzi wa jengo aliwapa matumaini ya kwanza, na hayakudumu.

"Vibao?" alisema. "Vibao vya namba tulivitoa vyote mwezi mmoja kabla ya moto, walipokuja kupaka rangi. Tukavirudisha wenyewe."

Inspekta alisimama wima. "Mlivirudisha nani na nani?"

"Mimi na mpaka rangi. Lakini mama, si tulikuwa tunasoma! Namba saba huwezi kuiweka kwenye sita, labda uwe umelewa."

"Na mlikuwa mmelewa?"

"Mpaka rangi sijui. Mimi nilikuwa kazini."

Lilikuwa jambo la kushikika: vibao viwili vimebadilishana, na hapo kuna mtu wa kuulizwa. Alipanda na kushuka na lifti, iliyokuwa imefungwa nyaya mpya, akasimama kila ghorofa. Kila kibao kilikuwa sawa na kitufe cha lifti. Milango ya ofisi ilikuwa imeandikwa namba zinazoanza na namba ya ghorofa hiyohiyo. Mpangaji wa muda mrefu kuliko wote, daktari wa meno, alimwambia kadi zake zimesema ghorofa ya tatu tangu jengo lifunguliwe. Kama mpaka rangi alilewa, basi alilewa kabla jengo halijajengwa.

"Vibao viko sawa," alimwambia Kamanda, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za mbele. "Na wewe ulihesabu sawa. Vyote viwili haviwezekani, na vyote viwili ni kweli. Kwa hiyo kuna mlango mmoja haupo. Twende kwa miguu, kwa mbele safari hii."

Hawakwenda mbali. Juu tu ya mapokezi, pale ambapo kibao kilisema Moja, Kamanda aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Hapa hata mtu mfupi lazima aombe ruhusa," alisema akijisugua.

Ilikuwa ofisi ya mawakala wa bima. Walikaa wamebanana, mafeni yote yalikuwa ya mezani kwa sababu dari haikuacha nafasi ya feni ya juu. Inspekta hakuwa mrefu, lakini aliponyoosha mkono aliigusa dari kwa ncha za vidole. Alikwenda mpaka upande wa nyuma, mahali ambapo ghorofa nyingine zote zina mlango wa kutokea kwenye ngazi za dharura. Alikuta ukuta mtupu, na kabati la mafaili limeegemezwa.

"Mkitaka kukimbia mnatokea wapi?" alimuuliza dada aliyekuwa karibu na kabati.

"Kule mbele tulikoingilia," dada alijibu. Kisha akatazama ule ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Kamanda aliuweka mkono ukutani. "Nilipita hapa," alisema polepole. "Nyuma ya huu ukuta. Nikagusa ukuta tu, kwa hiyo sikuhesabu. Mlango wangu wa kwanza ni ghorofa yao ya pili. Wa sita ni ya saba."

"Na ramani uliyokuwa nayo kwenye gari?"

"Ndiyo hiyohiyo. Chini, kisha ya kwanza yenye mlango wa nyuma, kisha ya pili. Hii haimo." Aligeuka. "Inspekta, hii haimo kabisa."

*

Ofisi ya wasanifu ilikuwa baridi na kimya. Msanifu mkuu aliwapokea kwa adabu, akamwomba Kamanda asubiri nje kwa sababu ya hali yake kazini, na Inspekta hakubisha. Kisha akamwita mchoraji wake, mwanamume mwembamba mwenye ndevu chache, akamwambia afungue faili la jengo lile kwenye kompyuta na amwonyeshe Inspekta chochote atakachotaka.

"Hatuna cha kuficha," alisema Msanifu.

Jengo lilitokea kwenye skrini, jeupe, safi, halijawahi kuona moshi. Pembeni mchoraji alifungua orodha: Chini, Kwanza, Pili, mpaka Nane, kisha Paa. Mbele ya kila jina kulikuwa na kimo.

"Hivi ndivyo linavyopangwa," alieleza. Alikuwa na tabia ya kutafuna shavu kwa ndani. "Kwanza unatengeneza ghorofa, unazipa majina na kimo cha kila moja kutoka ardhini. Ndipo unachora. Na kila unachochora, ukuta, dirisha, sakafu, unakiambia kwao ni wapi. Ukuta wa ghorofa ya tatu, kwao ni ya tatu. Ukiipandisha ghorofa ya tatu, ukuta unapanda nayo."

"Na ukiifuta?"

Mchoraji alimtupia jicho bosi wake. "Unafutika nayo. Kila ambacho kwao ni pale kinakwenda."

Inspekta alisogeza kiti. Hakuwa anajua kompyuta zaidi ya kuandika ripoti, lakini hesabu za kutoa hazikuwa zimemtupa. Kutoka Kwanza hadi Pili, kimo kiliongezeka kiasi kilekile cha kutoka Pili hadi Tatu, na hivyo hivyo hadi juu. Sehemu moja tu haikufuata.

"Kutoka Chini kwenda Kwanza mbona pameruka? Ni karibu mara mbili ya zingine."

"Mapokezi yana dari ndefu," alisema Msanifu.

"Nimetoka mapokezi sasa hivi. Dari yake ni kama ya sebule yangu."

Feni ya kompyuta ilivuma.

"Naomba ulikate jengo," Inspekta alimwambia mchoraji. "Ubavuni, kama mkate. Nione ndani."

Mchoraji alisita, kisha akabonyeza. Jengo likapasuka katikati na sakafu zake zote zikaonekana kwa upande, kama rafu kwenye kabati. Zilikuwa zimepangwa kwa nafasi sawasawa, kila moja na mstari wa buluu na jina lake. Na chini kule, kati ya Chini na Kwanza, palikuwa na rafu moja iliyobanwa. Haikuwa na mstari wa buluu. Haikuwa na jina.

"Hii ni ghorofa gani?"

"Si ghorofa, Inspekta," Msanifu alisema. "Ni dari ya kuhifadhia vitu. Kisheria, chumba chenye kimo kile hakihesabiwi kuwa ghorofa. Hakidaiwi mlango wa dharura. Mwenye jengo alikuwa na kibali cha idadi fulani ya ghorofa na tumejenga idadi hiyo. Halmashauri walikuja, walipima, walipitisha."

"Kuna watu wanauza bima humo."

"Mpangaji anavyokitumia si juu yangu."

Inspekta aliuelekezea kidole ule ubao wa zege kwenye skrini. "Ulisema kila kitu kina kwao. Huu je? Kwao wapi?"

Mchoraji aliugusa kwa kishale. Maandishi madogo yakatokea. "Chini," alisoma.

"Mbona uko hewani?"

"Umeandikishwa chini, halafu umeambiwa ukae juu kidogo. Inaruhusiwa. Ni kama... ni kama mtu mwenye anwani ya kijijini anayeishi mjini."

"Na ramani yake? Ile ya kuchapisha kwenye karatasi?"

"Hakuna. Programu inachapisha ramani kwa kufuata ghorofa. Kisichokuwa na ghorofa hakina ukurasa."

Simu ya Msanifu iliita. Alitoka nje kuipokea, mlango wa kioo akauacha wazi. Inspekta alimsogelea mchoraji mpaka akasikia harufu ya dawa ya meno.

"Tangu mwanzo ilikuwa hivi? Usinizungushe. Mtu amekufa akiwa anasikia viatu vya waliokuja kumwokoa."

Mchoraji aliacha kutafuna shavu.

"Mwanzo ilikuwa ghorofa kamili," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyeitengeneza. Nikaiita ya Kwanza. Juu yake ya Pili, mpaka ya Tisa. Ramani zikatoka hivyo, mafundi wa lifti wakachukua zao, wakaagiza vitufe na vibao vya namba. Baadaye bosi akaja, akasema kibali hakitapita na ghorofa tisa. Akaniambia, panga upya, ile isionekane kwenye orodha."

"Ukafanyaje?"

"Ukifuta ghorofa, vilivyomo vinafutika. Kwa hiyo kwanza nilihamisha kila kitu, sakafu, kuta, madirisha, nikaviambia kwao ni Chini. Ikabaki tupu. Ndipo nikaifuta." Alitazama mlango wa kioo. "Programu iliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo."

"Na zilizokuwa juu yake?"

"Zilijishusha namba zenyewe. Ya Pili ikawa ya Kwanza, ya Tatu ikawa ya Pili, mpaka mwisho. Mimi sikuzigusa. Zinajihesabu zenyewe, ndivyo zilivyo."

"Zikashuka na kimo?"

"Hapana. Zilibaki palepale zilipokuwa. Jina tu ndilo lililoshuka."

Inspekta alifumba macho kidogo. Ghorofa ya Saba ya fundi wa lifti ikawa ya Sita ya zimamoto, bila tofali hata moja kusogea. Ilitosha kidole cha mtu mmoja, asubuhi ya kawaida, labda akiwa anawaza chakula cha mchana.

"Mafundi wa lifti uliwaambia namba zimebadilika?"

"Nilimwambia bosi kwamba wale wana ramani za zamani. Akasema atawapigia."

"Aliwapigia?"

Mchoraji aliinua mabega yakabaki juu. "Niliendelea na kazi nyingine, Inspekta. Siku hiyohiyo."

Msanifu alikuwa amerudi mlangoni. Ilionekana amesikia ya mwisho, na hakujifanya hamnazo.

"Huenda aliniambia," alisema. "Huenda nilipiga. Mradi ule simu hazikukatika kutwa nzima. Kampuni yenyewe ya lifti ilishavunjika, watu wake wametawanyika. Ukiniapisha nitasema sikumbuki, na nitakuwa nasema kweli." Alivuta kiti akakaa, mara akaonekana mzee kuliko alipowapokea. "Unadhani silali na hili? Natafuta mahali nilipofanya ubaya. Natafuta kweli. Naona kibali, naona sheria, naona simu ambayo sijui kama niliipiga."

"Uliificha ghorofa."

"Niliiita jina ambalo sheria inaliruhusu."

Inspekta alikaa akimtazama. Katika miaka yake ya kuhoji watu alikuwa amejua waongo wa kila aina. Huyu hakuwa mmoja wao. Kama angekuwa, kazi ingekuwa rahisi.

*

Mwendesha mashtaka alisoma na Inspekta zamani. Aliisikiliza hadithi yote bila kumkatiza, kiatu kimoja amekivua chini ya meza kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Shoga, nipe kosa," alisema mwishoni. "Nitajie kwa jina lake nami nitampeleka mtu mahakamani leo hii. Dari? Imepitishwa. Mlango wa nyuma? Haudaiwi. Ramani ya zimamoto? Ni ileile ya halmashauri, sahihi. Vitufe vya lifti? Niambie ni sheria ipi inayosema kitufe kiandikwe nini."

"Uzembe."

"Wa nani? Wa mchoraji aliyetumwa? Wa bosi asiyekumbuka simu? Wa lifti ambao hawapo? Hata wakili mwanafunzi atanirusha nje kabla sijakaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umemsafisha Kamanda. Hilo si dogo."

"Na yule mama?"

Mwendesha mashtaka alitafuta kiatu chake kwa mguu, hakukipata, akainama kukitazama. Alichukua muda kuinuka.

Mume wa marehemu alikuwa kwenye benchi la korido ya kituo cha polisi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na alikuwa amekuja na sare yake ya kazi, kwa sababu, alivyosema, nyumbani hakukaliki. Kila siku alikuja. Alikuwa ameshajua jina la mlinzi wa getini na watoto wa mlinzi.

"Nimesikia umekwenda naye kwenye jengo," alisema. "Yule Kamanda. Amekiri?"

Inspekta alikaa kando yake. Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti: ghorofa iliyobanwa, orodha ya kwenye kompyuta, jina lililoshuka bila sakafu kushuka, vitufe vya lifti. Mwalimu alisikiliza akiwa ameweka mikono mbele, mmoja juu ya mwingine, kama ameshika usukani.

"Kwa hiyo Kamanda hana kosa."

"Hana."

"Alihesabu vizuri."

"Vizuri kabisa."

"Na mke wangu alisema vizuri. Alisema ya sita, na alikuwa ya sita."

"Ndiyo, shemeji. Wote wawili walisema kweli."

Mwalimu alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu anayetoa maji sikioni. "Nilikuwa naye, Inspekta. Yule Kamanda. Usiku nikikosa usingizi namfikiria yeye, namtukana, mpaka kunakucha. Sasa unamchukua." Alimgeukia. "Basi nipe mwingine."

"Sina."

"Haiwezekani usiwe na mtu. Wewe ni polisi."

"Nimetafuta, shemeji."

"Tafuta tena!" Sauti yake iliruka, watu wa koridoni wakageuka. Akashika mdomo wake. Kisha, kwa upole wa kutisha: "Hata mdogo tu. Hata wa faini. Nipate tu wa kumtazama."

Inspekta alimwekea mkono begani. Mwalimu aliuacha hapo kwa muda, kisha akausogeza, taratibu, akauweka kwenye benchi, kama anavyoondoa mkono wa mwanafunzi kwenye gia.

*

Alimkuta Kamanda kituo cha zimamoto, uani, anaosha gari kubwa. Hakuruhusiwa kulipanda mpaka barua ya kumrudisha ije, lakini hakuna aliyemkataza sabuni.

"Nimeandika kwamba ulihesabu sawa," Inspekta alisema. "Mkuu wangu amenuna lakini amepitisha. Hakuna mtu atakayenyooshewa kidole."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Kamanda alifinya sifongo, povu likatiririka kwenye kiwiko. Inspekta alikuwa ametarajia ashushe pumzi, labda hata atabasamu. Alikuwa amelihitaji tabasamu lile kuliko alivyojua.

"Nilikuwa nimeshapanga," Kamanda alisema. "Nilijiambia, kama nilikosea, basi nitajifunza. Nitahesabu mara mbili. Nitamfundisha kila mtu wangu ahesabu mara mbili. Nililala kwa hilo. Sasa unaniambia sikukosea." Alitazama gari. "Kesho nikipanda jengo jingine gizani, nihesabu nini?"

"Nimeomba halmashauri wapitie majengo yote ya ofisi ile."

"Watayapitia?"

"Wamesema wataliangalia ombi."

Kamanda alicheka kidogo, bila furaha. "Na ofisi zingine? Kila mchoraji ana kompyuta."

Hakumaliza. Kengele ya kituo ililia, na uani kukawa kama mzinga uliopigwa: watu wakivuta buti, milango ya gari ikifunguka, sabuni bado inatiririka ubavuni. Kipaza sauti cha ukutani kilikoroma, kisha sauti ya mpokea simu ikaja wazi, imefundishwa kutulia.

"Moshi kwenye jengo la ofisi karibu na soko. Mtu mmoja amekwama. Anasema yuko ghorofa ya nne."

Naibu wa Kamanda, aliyekuwa akishika zamu yake, alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya gari na ramani mkononi. Akasimama. Wote wakasimama, watu wazima, na kofia zao, wakamgeukia yule mrefu aliyeshika sifongo.

"Ya nne kwa mujibu wa nani?" naibu aliuliza.

Kamanda alimtazama Inspekta. Inspekta alitazama chini.

"Nendeni," Kamanda alisema. "Nendeni tu. Ingieni ya nne, na nusu yenu wapande ya tano. Mkiweza na ya tatu." Alijua hawatoshi. Gari moja halikuwa na watu wa kutosha kwa ghorofa tatu, na kila mtu pale uani alijua. "Mwambieni mwenye simu apige kelele. Asinyamaze hata kidogo. Apige kelele!"

Gari lilitoka getini king'ora kikilia, povu likidondoka barabarani nyuma yake. Wawili wale walibaki uani wakisikiliza mpaka king'ora kikazama kwenye kelele za magari mengine, kisha wakaendelea kusikiliza.